Kila Dakika Tano

"Mdogo wangu, mlango umefungwa tena."

Mwaka 2019 yaya wangu hakuwa na salamu nyingine. (Kwetu Uvira, Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa, anayelea watoto wa watu tunamwita vingine.) Yuko Iowa, Marekani, anakata nyama kiwandani, na mapumziko yake ya mchana huangukia karibu na saa mbili na nusu usiku kwa saa za Nyamianda, mtaa wetu. Ndiyo saa aliyokuwa akiketi na simu yake kutafuta matangazo yetu. Mlango aliousema ni ule ukurasa mweupe wenye namba 403: faili lipo, seva inaliona, ila wewe huna ruhusa ya kulisoma.

Tulikuwa watu wanne na chumba kimoja cha kupanga. Kila jioni tulirekodi dakika kumi na mbili kwa Kiswahili: bei ya ndagala na unga sokoni Mulongwe, barabara ya Bukavu inapitika au haipitiki, maji ya ziwa yamefika wapi, nani amefiwa. Habari za misiba ndizo zilizosikilizwa kuliko zote. Mtu aliye kambini Nyarugusu au Nairobi au Iowa akisikia jina la mtaa alikozaliwa huongeza sauti. Kompyuta yangu iliunganisha vipande, ikavituma kwenye seva tuliyoikodi Ujerumani, na hapo ndipo kazi ilipaswa kwisha nikale. Haikuisha, kwa sababu faili lilifika huko likiwa limefungwa, na ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu.

Ufunguo wenyewe ni neno moja, chmod. Kila faili kwenye seva ya Linux limebandikwa tarakimu tatu. Ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wengine wote duniani. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, kisha unajumlisha. Kwa hiyo 644 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi na walimwengu wanasoma tu. Folda hupewa 755, kwa sababu ile 1 kwenye folda ni ruhusa ya kupita mlangoni. Faili letu lilifika na 600: mwenyewe kusoma na kuandika, wengine sifuri na sifuri. Na ile programu iliyo kwenye seva, inayowagawia wasikilizaji mafaili, haifanyi kazi kwa jina langu. Nayo imo katika "wengine". Inagonga, inakataliwa, inamletea yaya 403.

Amri hii ni ya zamani kuliko mimi. Tayari imo katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, chenye tarehe ya 3 Novemba 1971. Wiki moja kabla, tarehe 27 Oktoba, nchi yetu ilikuwa imebatizwa Zaire. Zaire imepita, chmod ipo.

Basi kila usiku, baada ya kutuma, nilifungua ssh, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, nikaandika chmod 644 na jina la faili. Ukisimuliwa hivi ni kazi ya sekunde tano. Ungekuja uione kwetu. Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili. Kompyuta imebakiza asilimia 9. Simu nimeiegemeza dirishani, upande wa mlimani, maana nikiigeuza kidogo tu kuelekea ziwani inashika mtandao wa Burundi na kunimalizia mega zote. Ng'ambo, taa za Bujumbura zinawaka kana kwamba hakuna shida duniani. Naandika c, kioo kimenyamaza. Naandika h, m, o, d, kioo kimenyamaza. Mara herufi zinamwagika zote kwa mkupuo, na moja imejirudia: chmmod. Nafuta. Kufuta nako kunachelewa, kwa hiyo nafuta kupita kiasi, naanza upya. Nikifika kwenye jina la faili, mawasiliano yanakatika. Huko Iowa mapumziko yamekwisha na yaya amerudi kwenye visu vyake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona na kulipuuza kwa kuwa sikulielewa. Hata matangazo ya juzi na ya wiki iliyopita, niliyokuwa nimekwisha kuyafungua kwa mkono, yalijifunga upya kila tulipotuma la leo. Nilidhani ni tabia ya seva. Seva ya bei rahisi, nikasema, unategemea nini.

Desemba nilichoka. Kwenye Linux kuna mlinzi wa saa anayeitwa cron: unampa ratiba na amri, naye hakuulizi mara ya pili. Nikamwambia, kila dakika tano ingia katika folda la tovuti, shuka mpaka chini kabisa, na kila utakachokikuta kipe 755. Mstari mmoja. Nilijua kwamba kutoa 777, yaani kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika na kuendesha, ni aibu katika kazi yetu, kwa hiyo nikajiona mtu mwangalifu. Faili la sauti halihitaji hata ile 1 ya kuendesha, lakini nani angejali? Usiku ule nilituma matangazo, nikafunga kompyuta, nikala ugali ungali moto. Yaya akaandika: "Leo mlango wazi. Nani amekuroga?"

Nilijisifu kwa wenzangu. Miezi minne sikuigusa seva ile isipokuwa kulipa ankara.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani juu yetu, na Uvira ni ukanda mwembamba tu uliobanwa kati ya milima hiyo na ziwa. Maji yakishuka hayana pa kuzungukia. Mto Mulongwe ulishuka na mawe. Nyumba zilikwenda, makumi ya watu walikufa, mabomba ya maji ya mji yakanyamaza. Siku chache baadaye Ruzizi nao ulifurika upande wa Gatumba, Burundi. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na shule zilikuwa tupu tangu Machi kwa sababu hiyo hiyo. Watu waliopoteza nyumba wakaingia madarasani na magodoro yenye matope.

Sisi wa sauti tukageuka watu wa orodha. Mchana tulizunguka madarasani na daftari, usiku nikachapa: jina la mwenye kaya, watoto wangapi, yupo mjamzito au hayupo, namba ya simu, amelala shule gani, darasa la ngapi. Waliokuwa wakigawa msaada waliitaka orodha hiyo kila asubuhi, na kuibeba kwa pikipiki kwenye ufunguo wa USB ilikuwa shida. Nikaitengenezea folda kwenye seva yetu, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo. Nikaliweka ndani ya folda la tovuti, kwa kuwa ndilo nililolizoea. Wala sikufanya uzembe, au ndivyo nilivyojiambia. Folda nililipa 700 kwa mkono wangu mwenyewe: mimi naingia, wengine hata kuchungulia hapana. Kisha nikachukua simu, nikajaribu kulifungua kama mtu wa nje. 403. Nikaridhika, nikalala.

Nilijaribu saa tano na dakika moja usiku. Saa tano na dakika tano cron alipita.

Aliyenigutusha ni mama mmoja aliyekuwa akilala katika darasa la tatu na watoto watano. Mwanzoni mwa Mei alinishika mkono uwanjani pa shule, akaniuliza kwa sauti ya chini kama jetoni yake ya msaada iko tayari. Jetoni ipi, mama? Ile niliyoilipia, akasema. Mwanamume alikuwa amempigia simu. Alimwita kwa jina lake kamili, akataja idadi ya watoto, akataja hadi darasa, akamwambia jina lake limo kwenye orodha ila bado halijathibitishwa, atume dola tano kwa simu. Hakuwa na dola tano. Alituma faranga elfu tano, zilizochangwa na wanawake watatu wa darasa lile.

"Amejuaje darasa?" nikamuuliza, na kabla hajanijibu nilikuwa nimekwisha kujua.

Seva huandika katika daftari lake kila anayegonga: saa, anwani, alichoomba, alichopewa. Nilikaa nalo hadi usiku wa manane. Nikatoa nyayo zetu, nikatoa za wagawaji wa msaada, zikabaki mara 11 ambapo orodha ilisomwa na wasiohusika. Nyingi zilikuwa roboti za kutafutia, ambazo hupita duniani zikisukuma kila mlango. Mbili zilitoka kwenye mitandao ya simu ya hapa nchini. Tovuti yetu ilikuwa imewekwa ili mtu aone majina ya mafaili yote na kuchagua tarehe anayoitaka. Basi yeyote aliyekuja kusikiliza habari za ndagala aliona pembeni folda linaloitwa "orodha". Siwezi kuapa kwamba mpigaji simu alipitia hapo. Daftari letu la karatasi lilisomwa na watu wengi mikononi mwetu pia, karatasi nazo huibiwa. Lakini mlango ulikuwa wazi kwa siku kumi na tisa, na aliyeamuru ufunguliwe kila dakika tano ni mimi.

Nimeisimulia habari hii kwa vijana wa kompyuta mara kadhaa, na daima kuna mmoja anayeruka kusema kosa lilikuwa kutumia 755 badala ya hiki au kile. Hapana. Mkono uliochoka husahau, hilo kweli, lakini mkono huohuo husita. Kama bado ningekuwa naandika chmod kwa mkono, herufi kwa herufi kwenye mtandao ule wa kobe, usiku ule ningefika kwenye jina "orodha" na vidole vyangu vingesimama. Nilipompa cron kazi, uvivu wangu niliutua kwake, na kusita kwangu nikakutua pamoja nao bila kutambua. Yeye hana habari kwamba sauti ya msiba imetengenezwa isikike hadi Iowa na namba ya simu ya mjane isitoke nje ya darasa la tatu. Kwake vyote ni mafaili yasiyo na 755.

Na ningekuwa nimejisumbua kidogo zaidi Desemba, nisingemhitaji kabisa. Hili ndilo linaloniuma kama fundi. Sikuwahi kuuliza faili lilikuwa likizaliwa na 600 kwa nini. Nilipouliza hatimaye, jibu lilichukua nusu saa. Skripti yangu, hapa hapa kwenye kompyuta yangu, iliunganisha vipande vya sauti katika faili la muda lililotengenezwa na mktemp. Programu hiyo, kwa busara yake, kila faili inalolitengeneza hulipa 600, asije mtu mwingine akachungulia kazi isiyokamilika. Skripti ikalihamisha faili kwenye folda la kutuma, na faili likihama halivui ruhusa zake. Kisha rsync, programu yangu ya kutuma, kwa kuwa nilikuwa nimeiambia ihifadhi kila kitu kama kilivyo, ikabeba zile 600 mpaka Ujerumani kwa uaminifu. Ndiyo maana hata ya juzi yalijifunga: kila usiku rsync ililinganisha pande mbili, ikaona kule nimebadilisha ruhusa, ikazirudisha kama zilivyo kwangu. Mwaka mzima tuliisema vibaya seva ya watu. Kufuli lilikuwa likifungiwa Nyamianda, mezani pangu, kabla mzigo haujaondoka.

Dawa yake ni fupi kuliko maradhi. Niliongeza maneno haya kwenye amri ya kutuma: --chmod=D755,F644. D ni mafolda, F ni mafaili. Rsync yenyewe huvipa ruhusa hizo wakati wa kutuma, bila mtu wa kuja nyuma kufungua. Ziko njia nyingine, na ukiwa mahali ambapo watu wengi hutuma kwa sftp utazihitaji: seva ya sftp inaweza kuanzishwa na umask yake, yaani kipimo cha ruhusa ambazo faili jipya linanyimwa tangu kuzaliwa, au folda likapewa ruhusa za kurithisha kwa setfacl, kila kitakachoundwa ndani kizipokee. Zote zina tabia moja ninayoipenda. Zinaamua mlangoni, faili linapoingia. Hazizunguki nyumba nzima usiku zikisukuma milango.

Cron nikamfuta kazi. Orodha nikaitoa kabisa nje ya tovuti, nikaipa akaunti yake, umask 077, ufunguo wake wa ssh, na watu watatu. Nikaandika pia jaribio ambalo bado ninalitumia popote ninapofanya kazi: kila baada ya kutuma, skripti inatoka nje, inazunguka kama mgeni asiye na ufunguo, na kugonga milango miwili. Kwenye matangazo ya leo lazima ijibiwe 200, yaani karibu. Kwenye orodha lazima ijibiwe 404, yaani hapa hakuna kitu. Moja ikienda kombo napigiwa king'ora. Zamani nilijaribu mlango wa kwanza tu, na ule wa pili nikaujaribu mara moja, saa tano na dakika moja.

Hayo ya ufundi yalikwisha kwa usiku mmoja. Yaliyobaki yalichukua siku nne. Mwenzangu mmoja alisema tunyamaze: mlango umefungwa, nani atajua? Wakati ule nchi haikuwa na sheria iliyotubana. Ile ya dijitali, inayotaja data za watu, ilikuja tarehe 13 Machi 2023. Tulibishana, sauti zikapanda, mwishowe tukagawana kurasa na kuanza kupiga simu, kaya mia mbili na ushee, kila mtu kwa yunite zake.

Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili kwa mtu aliyelala sakafuni. Nilianza na "data zako", nikaona hazifiki popote. Nikaishia kusema: mama, papa, jina lako na namba yako viliachwa mahali pa wazi na mimi ndiye niliyeviacha, mtu akikupigia akitaka pesa ya jetoni, usimpe, jetoni haiuzwi. Wengi walishukuru haraka wakakata. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu," akasema, "nyumba yangu imekwenda ziwani na sahani zake, wewe unanililia namba ya simu?" Nilikuwa na maneno ya kumjibu, kuhusu mpigaji yule na faranga elfu tano. Niliyameza.

Kwa yule mama wa darasa la tatu nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta uani anaanika ndagala juu ya turubai la msaada, anawatawanya kwa kiganja wasilaliane. Nikampa faranga elfu tano. Akazihesabu, akaziweka kwenye fundo la kitenge, akaniambia nikae. Nikamweleza yote, na cron nikamwita mlinzi wa usiku niliyempa funguo za nyumba nzima bila kumwonyesha chumba cha wageni na chumba cha kulala. Akatikisa kichwa. Walinzi wa namna hiyo anawajua.

"Sasa jina langu liko wapi?"

Nikatoa simu, nikaandika anwani ya zamani mbele yake. 404.

"Inasemaje?"

"Inasema hapa hakuna kitu."

"Mmenifuta? Na msaada je?"

"Hapana, mama. Lipo, ila haliko tena kwa njia hii."

Akataka nijaribu kwa simu ya binti yake, si kwa yangu. Nikajaribu. 404 ileile. Akairudisha simu kwa binti, akarudi kwenye ndagala.

"Na wanaoliona sasa ni wangapi?"

"Watatu."

"Wewe umo?"

"Nimo."

Akanitazama kwa muda, mkono umesimama juu ya turubai. Kisha akawageuza waliobaki upande wa pili, mmoja mmoja, kabla jua halijateremka.